Ugonjwa Unaomnyima Mtu Kutoa Ahadi

Rafiki yangu wa tangu utotoni alinipigia simu wiki tatu zilizopita kunijulisha kwamba anaolewa, na kwamba mpambe aliyemchagua ni mimi. Alinitajia tarehe, miezi mitano mbele, kisha akanyamaza akisubiri kigelegele. Mimi nilikuwa tayari nimeshika kalenda. Nilikuwa nahesabu mzunguko wa mwezi huu, wa mwezi ujao na wa mwezi utakaofuata, siku 28 hapa, siku 30 pale, mpaka niifikie ile Jumamosi nione imeangukia wapi. Ukimya wangu ulirefuka kiasi cha yeye kuniuliza kama simu imekatika.

Nina endometriosisi. Nimeishi nayo kwa miaka 21, na katika miaka 12 ya mwanzo sikuijua hata kwa jina. Watu wakitaka kujua ugonjwa huu unafanya nini katika maisha ya kila siku, hutarajia nizungumzie maumivu, nami nitayazungumzia. Lakini nikitakiwa kutaja kitu kimoja tu ambacho umeninyang'anya, nitasema ni uwezo wa kumwambia mtu "nitakuja" nikiwa na hakika kwamba nitakwenda.

Kwa wasioufahamu, nieleze kwa ufupi. Mji wa mimba una utando kwa ndani, ambao kila mwezi hunenepa ukijiandaa kupokea mimba, na mimba isipotunga hubanduka na kutoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, kwenye mirija ya uzazi, kwenye ngozi laini inayofunika viungo vya tumboni, nyuma ya mji wa mimba karibu na utumbo mpana, kwenye kibofu cha mkojo, na kwa nadra sana hata kwenye mapafu. Tishu hiyo huitikia homoni, hasa estrojeni, hufanya sehemu zilizo jirani nayo ziwake na kuvimba, na damu inayotoka humo haina mlango wa kupitia. Baada ya muda hujengeka makovu, na makovu hayo yanaweza kugandisha pamoja viungo ambavyo kwa kawaida huteleza kimoja kando ya kingine. Ndani ya ovari hutokea vifuko vya damu ya zamani, nzito, ya rangi ya hudhurungi, ambavyo madaktari huvifananisha na chokoleti. Silipendi jina hilo, ila nilipoonyeshwa picha ya changu nilielewa lilikotoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu uko kwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190. Chanzo chake hakijaelezwa kikamilifu. Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya daktari wa Marekani aitwaye John Sampson, ambaye katika miaka ya 1920 alitoa hoja kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika tumboni, ikiwa imebeba chembe hai za ule utando. Shida ya hoja hiyo, ikisimama peke yake, ni kwamba damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi, na wengi wao hawaugui. Kwa hiyo urithi, kinga ya mwili na homoni navyo vina sehemu yake.

Nirudi kwenye kalenda. Mwezi wangu una umbo lake. Siku ya kwanza hadi ya tatu ya hedhi ni siku za sakafu, na naziita hivyo kwa sababu sakafu ya bafuni ina ubaridi na iko karibu na choo, na mtu anayetapika kwa uchungu hana shughuli na kitanda. Siku ya nne na ya tano natembea, lakini kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi ukingoni. Kuanzia siku ya sita nakuwa mtu kama watu, mpaka karibu na siku ya 14, yai linapopevuka, ambapo upande wa kushoto wa nyonga huchoma kwa siku mbili. Halafu napumzika tena. Siku ya 24 mgongo wa chini huanza kuvuta, maumivu hushuka pajani, tumbo hujaa, nami najua mgeni yuko njiani. Ukizitoa siku hizo zote, zinabaki 16 ambazo naweza kuziita zangu, na ndani ya hizo 16 nalazimika kufanya kazi, ziara, sherehe, misiba na usafi wa nyumba ambavyo wenzangu wamevipangia 28. Ndiyo maana wanaonifahamu kwa juu juu huniona mchapakazi wa ajabu wiki moja na mvivu wa ajabu wiki inayofuata.

Na hata hesabu hiyo si ya kuaminika. Safari, homa, msiba, au jambo lisilojulikana kabisa linaweza kuusogeza mwezi kwa siku nne au tano. Zaidi ya hapo, maumivu yaliyokaa mwilini kwa miaka mingi huifunza mishipa ya fahamu tabia mbaya: uti wa mgongo na ubongo huanza kuzidisha ishara zinazotoka nyongani, hata msukumo mdogo wa kibofu kilichojaa ukasomeka kama jeraha. Kwa hiyo ipo siku ya tisa, au ya 18, iliyoandikwa kwenye kalenda yangu kuwa njema, ambayo huharibika bila hodi saa nne asubuhi nikiwa kwenye mkutano.

Mkoba wangu unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndani yake mna dawa za kutuliza maumivu, pedi za akiba, nguo za kubadilisha za rangi ya giza, na mpira wa maji moto ambao nimeshawahi kuujaza katika ofisi za watu nisiowajua. Nikiingia kwenye jengo lolote, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni choo kiko wapi. Na hapo niseme jambo ambalo wanawake wengi hulificha hata mbele ya daktari, kama nilivyolificha mimi kwa miaka: kwenda haja kubwa siku za hedhi, kwa baadhi yetu, ni kama kukalia kisu. Dalili hiyo ina maana kwa daktari, sawa na kukojoa kwa uchungu ilhali kipimo cha mkojo hakionyeshi maambukizi, kwa sababu inaweza kumwelekeza mahali ugonjwa ulipo. Mimi niliionea aibu, na aibu yangu ilichelewesha mambo.

Kuna tumbo pia. Hunivimba jioni, kwa muda wa saa chache, kiasi kwamba nina sketi za vipimo viwili kwa ajili ya mwili mmoja. Mara tatu nimepewa hongera ya ujauzito na watu waliokusudia mema. Mara ya kwanza niliwasahihisha, mara ya pili nilitabasamu, na mara ya tatu nilijibu asante kwa sababu nilikuwa nimechoka. Hiyo ya tatu ilikuwa katika mwaka wa nne wa kutafuta mtoto.

Uchovu wenyewe ni mgumu kuuelezea kwa mtu mzima wa afya, kwa kuwa naye huchoka. Wake huisha akilala. Wangu huamka pamoja nami.

Katika Kiswahili tunalo neno chango, nalo limebebeshwa mengi mno. Chango ni maumivu ya tumbo la mwanamke, ya hedhi na ya uzazi, yanayojulikana na yasiyojulikana. Na kwa kuwa yameshapata jina, huonekana kama yameshapata maelezo. Mama yangu aliniambia ni chango. Bibi yangu alikuwa amemwambia yeye ni chango. Leo ninapojua kwamba ugonjwa huu huelekea kufuatana katika familia, na kwamba mwanamke ambaye mama yake au dada yake anao yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuupata, najiuliza kama sisi watatu hatukurithishana ugonjwa pamoja na lile jina lililouficha. Simlaumu mama. Alinikanda mgongo usiku kucha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na aliamini kwamba uchungu ule ni sehemu ya kuwa mwanamke kwa sababu wa kwake ulikuwa hivyo hivyo.

Maumivu ya kawaida ya hedhi yapo, na si ugonjwa: mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana ili utando utoke, na kubanwa huko huuma. Yanayomlaza msichana nyumbani kila mwezi wenzake wakiwa shuleni, yasiyosikia dawa, yanayoanza kabla ya damu na kuendelea baada ya damu kukauka, hayo ni habari nyingine, na neno chango halitoshi kuyafunika.

Hospitalini nako nilizunguka. Nilitibiwa amiba mara mbili, maambukizi ya njia ya mkojo mara nisizozikumbuka, na vidonda vya tumbo kwa mwaka mzima. Daktari mmoja alinishauri niolewe. Nilipoolewa, mwingine alinishauri nizae. Ultrasaundi ya kwanza ilitoka safi, na ile karatasi safi ikageuka ushahidi dhidi yangu, nyumbani na kazini, na baada ya muda hata ndani ya nafsi yangu mwenyewe. Hakuna aliyenieleza kwamba picha safi haiondoi uwezekano wa ugonjwa, kwa kuwa madoa madogo ya tishu hiyo yaliyotanda juu ya ile ngozi laini ya ndani ya tumbo mara nyingi hayaonekani kwenye picha. Zamani ilidaiwa kwamba bila laparoskopia, yaani upasuaji wa matundu madogo wa kuchungulia tumboni kwa kamera, ugonjwa hauwezi kuthibitishwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi wa binadamu, haukuendelea kukiweka kipimo hicho juu ya vyote, na daktari anaweza kuanza tiba kwa kusikiliza dalili, kumpima mgonjwa na kutazama picha. Mimi nilikuwa nimeshapasuliwa muda mrefu kabla ya hapo. Daktari aliponiambia kwamba ovari ya kushoto ameikuta imeshikamana na utumbo, nilimwomba aniandikie maneno hayo, kwa kuwa nyumbani nilikuwa nimehifadhi ile karatasi nyingine na nilitaka niziweke pamoja.

Ugonjwa hupangwa kwa hatua nne kulingana na ukubwa wa madoa na makovu, na wengi hudhani hatua hizo hupima pia uchungu. Hazipimi. Yupo mwenye hatua ya nne anayegundulika kwa bahati anapochunguzwa kwa nini hashiki mimba, bila ya kuwahi kukosa siku ya kazi, na yupo mwenye hatua ya kwanza asiyeweza kusimama. Hili lina uzito nyumbani, kwa sababu ndugu wakisikia "hatua ya kwanza" huona mgonjwa anajidekeza.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wasema wahenga, na ni kweli. Ila maiti haulizwi na mkuu wake wa kazi kwa nini hakufika Jumatatu. Kwa miaka mingi nilijibu swali hilo kwa uongo. Nimeshaugua malaria zisizokuwapo, nimeshakula vyakula vibovu ambavyo sikuvila, na nimeshawazika shangazi wawili ambao baba yangu hakuzaliwa nao. Uongo ulikuwa rahisi kuliko kutamka neno hedhi mbele ya meza ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusisha wanawake 1,418 kutoka nchi 10, uliona kwamba kati ya dalili kuanza na ugonjwa kuthibitishwa kwa upasuaji hupita wastani wa miaka 6.7, na kwamba mwenye ugonjwa hupoteza wastani wa karibu saa 11 za kazi kwa wiki. Kilichonigusa zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya saa hizo hazikupotea kwa kukosa kufika. Zilipotea mtu akiwa kazini, ameketi kwenye kiti chake, akiisoma sentensi moja mara sita. Zipo nchi zenye sheria ya mapumziko ya hedhi: Japani tangu 1947, Zambia siku moja kwa mwezi, Hispania tangu 2023 kwa cheti cha daktari. Nazifurahia, lakini siamini kwamba zingeninusuru peke yake, kwa sababu anayeshukiwa kuwa mvivu huiogopa ruhusa kama anavyoiogopa kazi.

Linalofuata nimeliandika kwa idhini ya mume wangu, ambaye alilisoma akafuta neno moja. Endometriosisi inaweza kulifanya tendo la ndoa liwe na maumivu makali ya ndani, na wakati mwingine maumivu hayo hudumu hadi kesho yake. Mwili hujifunza kuuogopa hata mkono unaoupenda. Mimi nilianza kulala mapema, au kujifanya nimelala. Yeye akaacha hata kunishika bega asije akaonekana anadai, nami nikalisoma hilo kama dalili ya kunichoka. Tuliishi hivyo karibu miaka miwili, watu wawili wenye adabu ndani ya nyumba moja. Aliyetusaidia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenieleza kwamba misuli ya sakafu ya nyonga, ikizoea kujikaza kwa kutarajia maumivu, huwa yenyewe ni chanzo kipya cha maumivu, na kwamba inaweza kufundishwa kulegea. Lakini kabla ya mazoezi ilibidi kwanza tuzungumze, na mazungumzo yale yalikuwa magumu kuliko upasuaji.

Kuhusu uzazi nitasema machache. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya wenye ugonjwa huu hupata shida ya kushika mimba, jambo ambalo pia lina maana kwamba wengi hawapati shida hiyo. Mtego uko hapa: dawa za homoni zinazoutuliza ugonjwa ndizo hizo hizo zinazozuia mimba, kwa hiyo anayetafuta mtoto huutafuta uzazi huku ameuacha uchungu ujifanyie utakavyo. Sisi tulipata mtoto mwaka wa sita. Wale walioniambia nikizaa nitapona walinikumbusha maneno yao, na kwa muda nilidhani wana haki. Miezi minane baada ya kujifungua, hedhi iliporudi, maumivu yalirudi nayo kama mpangaji aliyekwenda likizo. Mimba huweza kuyatuliza kwa baadhi ya wanawake. Lakini si tiba. Hata kuondoa mji wa mimba hakumalizi kila kitu, ikiwa madoa yaliyo nje yake yameachwa.

Tiba ya kuuondoa ugonjwa moja kwa moja haijapatikana. Zipo dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo kwangu hufaa zaidi zikinywewa kabla uchungu haujapanda. Vipo vidonge vya uzazi wa mpango, vidonge vya homoni iitwayo projestini na kitanzi chenye homoni. Zipo dawa nzito zaidi zinazoushusha mwili katika hali inayofanana na kukoma hedhi, pamoja na joto la ghafla na hatari ya kupunguza uimara wa mifupa. Na upo upasuaji, ambao ulinipa miezi 14 ya utulivu ambayo bado naikumbuka kwa tarehe. Baada ya mtoto nilitumia projestini kwa miaka kadhaa. Ilinifuta hedhi na sehemu kubwa ya maumivu, kama inavyowafanyia wengi, lakini mimi iliniletea pia majonzi yasiyo na sababu, na mwaka huu tulikubaliana na daktari niipumzike kabla ya kujaribu nyingine. Ndivyo kalenda ilivyorudi mkononi.

Sonona na wasiwasi huonekana zaidi kwa wenye ugonjwa huu, na sioni ajabu. Kuumwa kwenyewe huchosha roho, lakini kwangu kilichozidi kuichosha ni ile orodha ya watu niliowaangusha. Kila ahadi iliyovunjika ina uso wa mtu. Nilikosa mahafali ya mdogo wangu. Nilikosa mazishi ya jirani aliyenilea. Baada ya hapo niliacha kuahidi, na mtu asiyeahidi haalikwi, na asiyealikwa hujiambia kwamba hakutaka kwenda.

Rafiki yangu yule nilimpigia tena usiku uleule. Nilimweleza yote kwa mpangilio, mambo ambayo katika urafiki wa miaka 25 nilikuwa nimemwambia vipande vipande kwa mzaha. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: siku ikiwa mbaya, ni saa ngapi nitakuwa nimeshajua? Nikamjibu, kwa kawaida saa 12 asubuhi. Basi, akasema, nguo zitashonwa mbili, moja ya kipimo changu na nyingine ya kipimo cha binamu yake, na saa 12 na nusu nitamtumia ujumbe wa neno moja.

Kwa hesabu yangu, Jumamosi hiyo itakuwa siku ya 26. Fundi amekuja jana kunipima, nami nimemwomba aache nafasi kiunoni.